Katiba ya Kuzikana

Katiba ile niliiandika mimi. Niliiandika vizuri pia, kwa Kiswahili sanifu, vifungu vimepangwa kama vyombo kabatini, na nilipoimaliza nilijichemshia chai ya tangawizi nikajisifu peke yangu jikoni kwangu hapa Cedar Hill, karibu na Dallas. Mungu anisamehe.

Chama chetu ni cha kufa na kuzikana. Tulikianzisha Wakenya wachache wa Dallas na Houston, baada ya mwenzetu mmoja kulala mochari muda mrefu mno huku sisi tukipigiana simu na kulaumiana. Tukakubaliana kwamba mtu wetu akifa, chama kinamrudisha nyumbani, na sisi tunakaa matanga kwake mpaka ndege iondoke. Nilipofiwa na mume wangu, chama hicho ndicho kilichonibeba. Mwenyekiti wetu ni muuguzi, anaishi Pearland, karibu na Houston, ana roho nzuri na kichwa kigumu. Aliacha shughuli zake zote akaja kukaa sebuleni kwangu kama kaka wa tumbo moja, akasafiri na jeneza hadi kwetu, akashika koleo kwa mikono yake. Kwa hiyo nikisema nina deni la utu kwake, sisemi kwa kupamba maneno.

Kisha Wakongomani wakajiunga. Watu wa Uvira na Fizi na kwingineko huko mashariki, waliokaa kambini hadi watoto wakazaliwa na kukua humo, sasa wako Texas wanapakia mizigo maghalani na kuwahudumia wazee wasioweza kuoga. Walikuja mmoja mmoja, halafu kwa familia, halafu tukaangalia ukumbini tukakuta wao ndio wengi. Hatukuwa na ugomvi nao hata kidogo. Waliimba vizuri kutuzidi, walikuja matanga kabla yetu, na walichanga bila kukumbushwa. Ila Mkenya ni Mkenya. Tulianza kunong'onezana.

Siku moja mwenyekiti akanipigia, nimekwama kwenye foleni natoka kazini.

"Mwalimu, tuandikie katiba mpya," akasema. Wananiita mwalimu kwa sababu kabla ya kuja huku na kusomea uuguzi nilifundisha historia shule ya wasichana kule nyumbani, miaka na mikaka. "Hawa ndugu zetu lazima wapewe nafasi. Si haki wachange tu bila kauli. Lakini tuwape kwa utaratibu."

"Utaratibu gani?"

"Wachague wajumbe wao, viti viwili, wawachague wenyewe kwa wenyewe. Washughulikie wagonjwa, vijana, sherehe, chakula. Mambo ya mazishi yabaki kwa waanzilishi. Unaelewa, mwalimu. Tukifungua mlango wote, kesho hatujui nani atazikwa wapi."

Naelewa! Nilielewa kuliko alivyoelewa yeye mwenyewe aliyekuwa anasema. Hiyo habari niliifundisha hadi chaki ikanikausha koo. Baada ya vita vikuu vya kwanza Mwingereza aliwaambia Wahindi: haya, tunarekebisha utawala, nanyi mtakuwa na mawaziri wenu mikoani. Akawapa elimu, afya, kilimo. Polisi na hazina akabaki nazo gavana. Wapiga kura nao wakagawanywa kwa mafungu, kila jamii na viti vyake. Ukitazama kwa mbali unaona serikali. Ukikaribia unaona mtu amekabidhiwa ufagio, funguo za nyumba ziko mfukoni mwa mwingine.

Nami niliipenda mada hiyo kwa sababu ya majibu ya Wahindi, maana hawakujibu kwa sauti moja. Wengi walisusia, hawakugombea wala hawakupiga kura. Wengine wakasema heri nusu shari kuliko shari kamili, wakaingia barazani wakajaribu kufanya kazi na hicho kidogo. Miaka michache baadaye baadhi ya waliosusa nao wakaingia, wakisema wanaingia ili wakwamishe mambo wakiwa ndani. Na ilipokuja tume ya kuamua marekebisho mengine, haina Mhindi hata wa dawa, walipokelewa kwa bendera nyeusi na kelele za rudini kwenu. Hata kwetu Kenya Wahindi waligoma kujaza viti vyao barazani kwa kukataa kuandikishwa katika orodha yao ya peke yao. Wasichana wangu waliniuliza kila mwaka: "Mwalimu, wewe ungeingia ama ungesusia?" Nilikuwa napiga meza. "Ningesusia!" Darasa linapiga makofi, mimi natoka kifua mbele.

Basi mtu huyo huyo mpiga meza ndiye aliyekaa akaandika kifungu cha mambo yatakayobaki kwa waanzilishi. Na sikuandika kwa kulazimishwa. Nilicheka kidogo, nikajiambia kumbe mkoloni naye alikuwa mtu wa kawaida tu, ana chai yake mezani, anataka mambo yake yasiharibike. Nikaendelea kuandika. Sababu yangu ilikuwa moja, na sikumwambia mtu. Mimi nataka kulala kando ya mume wangu. Nataka ndege, nataka jeneza langu lishuke lorini mbele ya ukoo wangu, na mtu yeyote atakayeugeuza mwelekeo wa chama kile ananigusa mfupa.

Sasa nieleze kuhusu rafiki yangu, maana bila yeye haya yangebaki maneno ya karatasi tu.

Nilimjua zamani akiishi Fort Worth, tulifanya kazi nyumba moja ya kulelea wazee, mimi muuguzi, yeye mhudumu. Ni mdogo kwangu, ananiita dada. Baadaye akahamia Alief kufuata ndugu zake, na mama yake mzazi akiwa naye. Kila nikienda Houston nalala kwao. Mama yule alikuwa mwembamba kama ufito, mcheshi, ananitania kwamba Wakenya hatujui Kiswahili, tunakipiga teke. Lakini jambo moja lilimkosesha raha. Mumewe walimzika kando ya njia wakikimbia vita. Mtoto mmoja amezikwa njiani, mwingine kambini. Aliniambia siku moja, anachambua sombe, yale majani ya muhogo, kwa Kiswahili chao ambamo watu ni batu: "Mimi nimezika batu kila mahali, binti yangu. Sasa mimi nitalala wapi? Nyumbani hakuendeki. Hapa watanitia katikati ya batu sijue hata majina yao."

Hilo ndilo lililokuwa ombi la Wakongomani wote wa Alief, siyo la mama huyu peke yake. Ndege yetu haikuwafaa. Wangerudishwa wapi, kwenye vita? Walitaka chama kinunue kipande cha makaburi huku huku Houston, wazikwe pamoja, mtu akienda kumsalimia mmoja awe amewasalimia wote. Ni ombi dogo. Lakini mfuko wetu haukuweza kubeba ndege za wote na ardhi kwa mara moja. Ingebidi kimoja kipungue.

Rasimu ilipotoka, rafiki yangu akanipigia.

"Dada, nimesoma karatasi yenu. Tunapewa viti, aksanti. Lakini mambo ya kuzika hatutapigia kura. Si ndiyo hayo tulitaka? Batu hapa wanasema tukatae tu, tujitoe. Wewe mwalimu, nisaidie. Tufanye je?"

Angalia sasa. Nilikuwa na njia ya kumwambia, "Kataeni, mdogo wangu, maana mwandishi ni mimi na najua nilichoandika." Badala yake nikamfundisha somo! Nikamsimulia Wahindi wote, waliosusa na walioingia, nikapiga chumvi pale iliponifaa. Nikamwambia waliosusa, viti vyao vilichukuliwa na wengine, wakabaki nje wanapiga kelele. Hilo ni kweli. Nikamwambia anayeingia ndani anajifunza mlango unafungwaje, na siku moja anaufungua. Nikamwambia kuna wakati waliingia mikoani wakashika serikali kabisa. Nalo ni kweli. Sikumwambia ilichukua muda gani, wala kwamba mwenye ufunguo hakuutoa kwa kuombwa vizuri.

"Ingieni kwanza," nikasema. "Mkiwa ndani mtabadilisha. Na mimi niko pale, si nipo? Unaniogopa?"

"Wewe, dada? Hapana. Wewe ni wetu."

Akaenda akawashawishi watu wake. Walikuwepo wenye hasira, nilisikia baadaye, wakamuuliza anapewa nini na Wakenya. Alisimama akasema anamjua mwalimu, amekula naye. Kwenye mkutano mkuu uliofanyika kanisani Alief, katiba ikapita kwa makofi na vigelegele, na yeye akachaguliwa kiti kimoja. Alivaa kitenge kipya siku hiyo. Mwenyekiti akanishukuru mbele ya watu, akasema bila mwalimu tungegawanyika, nami nikainama kidogo kama bibi harusi.

Ah, jamani. Nikikumbuka kile kuinama!

Kila mkutano wa kamati rafiki yangu alileta suala la makaburi. Kila mara mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima, akasema, "Asante sana, limenukuliwa." Yeye alidhani kunukuliwa ni hatua. Alinitumia ujumbe wa sauti akifurahi: "Dada, leo tena wamenukuu!" Mimi nilijibu kwa kidole gumba. Sikuwa na uso wa kusema zaidi.

Kisha mama akaanza kuugua. Figo, halafu moyo. Nilienda kumwona hospitali, nikasaidia kumgeuza kitandani, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama usioshikika. Aliniuliza, "Ile shamba yetu ya kulala, mumeshapata?" Nikamwambia, "Tunaishughulikia, mama." Rafiki yangu alikuwa upande wa pili wa kitanda anakunja shuka, akanitazama kwa matumaini makubwa kiasi kwamba niliinamia mto nikajifanya naukung'uta vumbi.

Mwezi huo huo aliomba hoja iamuliwe kabisa. Tukakutana nyumbani kwa mwenyekiti, Pearland, mchana wa Jumamosi. Mwenyekiti alichoma nyama nyuma ya nyumba kama kawaida yake, akatupakulia kila mtu, akatania kuhusu jua la Texas. Baada ya kula tukakaa sebuleni. Rafiki yangu alizungumza. Hakupamba. Alisema mama yake hatoki tena hospitali, kwamba si yeye tu, kwamba wazee wao wengi wanaogopa jambo lile lile. Alisema wako tayari kungojea vitu vingine vyote, vijana, sherehe, yote, wapewe hilo tu.

Mwenyekiti akakohoa. "Kama mnavyojua, kwa mujibu wa katiba, hili ni la waanzilishi. Wajumbe wengine watabaki wakisikiliza. Wanaounga mkono wainue mkono."

Mikono ikainuka. Kweli ikainuka! Sikutarajia. Mzee mmoja wa kwetu Cedar Hill, ambaye huwa hasemi neno, aliinua wake kwanza, akafuatwa na wengine hadi ikafika nusu yetu. Nusu nyingine wakabaki wamekunja mikono. Nikabaki mimi. Kila mtu alikuwa anajua nimebaki mimi.

Nilikuwa bado na sahani ya nyama mapajani. Niliishika kwa mikono miwili. Nilimwona mume wangu kaburini kwake, nikaliona lile jeneza langu lililoshuka lorini katika mawazo yangu mara ngapi sijui, nikamwona mwenyekiti na koleo lake. Nikamwona na mama kitandani. Sitaki kudanganya, nilimwona. Mtu ana mikono miwili na sahani inashikika kwa mmoja. Sikuinua.

"Basi hoja haikupita," mwenyekiti akasema taratibu. "Limenukuliwa."

 Rafiki yangu alinitazama, akaitazama sahani, akatoa simu yake akaangalia saa. Alisema lazima arudi hospitali. Akaaga kila mtu kwa mkono, na mimi pia, mkono mkavu kabisa. Mwenyekiti alimfungia nyama kwenye karatasi ya fedha ampelekee mgonjwa, naye akapokea akashukuru.

Njia ya kurudi Dallas ni ndefu na imenyooka, haina cha kukusahaulisha kitu. Nilijitetea kwa sauti ndani ya gari kama kichaa. Nikasema mfuko ungefilisika. Nikasema tungejaribu tena mwakani. Nikasema, hata Wahindi hawakupata yote mara moja! Hapo nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nikaona aibu ya kweli, aina ile inayopandisha joto masikioni, nikaingia kituo cha mafuta nikakaa tu na injini inawaka. Nilifundisha historia ile miaka yote nikidhani nasoma habari za watu waliosusa. Kumbe nilikuwa nasoma habari zangu, na sikuwa upande niliokuwa napigia meza.

Nilimpigia simu siku zilizofuata. Aliipokea kila mara. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba aliipokea. "Hajambo kidogo, mwalimu. Aksanti kwa kuuliza, mwalimu." Dada ilikuwa imeondoka kinywani mwake kama jino. Nikataka anitukane, nikamwambia, "Nigombeze basi!" Akasema, "Kwa nini nikugombeze? Ulifuata katiba."

Wakongomani walijitoa chamani wiki ile, wote, kimya kimya, hakuna bendera nyeusi wala kelele. Viti vyao viwili vipo hadi leo katika katiba, kifungu nilichokiandika mimi, na hakuna anayevikalia.

Mama akafariki. Sikuambiwa na rafiki yangu, niliona tangazo kwenye kundi la kanisa. Nikaomba ruhusa kazini, nikapika pilau sufuria kubwa, nikaikaza kwenye kiti cha nyuma kwa mkanda, nikaendesha hadi Alief.

Nyumba ilijaa. Viatu vilienea hadi ngazini. Wanawake wamekaa chini mikekani, wengine wako jikoni wanasonga bugali, wanakaanga ndagala, dagaa wao, wanaimba wanaitikiana. Kwenye msiba ndivyo ilivyo kwetu sote, Mkenya, Mkongomani, Mtanzania: mtu wa karibu hapokewi. Anaingia, anafunga kanga kiunoni, anatafuta kisu na vitunguu. Nikafunga kanga yangu. Nikaenda moja kwa moja kwenye sinki lililojaa vyombo, nikashika sponji.

Rafiki yangu akatokea nyuma yangu. Macho yalikuwa yamevimba, sauti iko sawa. Akaitoa sponji mkononi mwangu, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kitu chenye makali.

"Hapana, mwalimu. Mgeni hafanyi kazi."

"Mimi si mgeni, mdogo wangu."

"Umetoka mbali. Njoo ukae."

Akanishika kiwiko akanipeleka sebuleni. Kulikuwa na kiti kimoja kizuri, cha mbao, chenye mto, karibu na mchungaji. Waliokuwa karibu wakasogea. Mtu akaniletea soda na kitambaa. Nikaletewa na sahani yangu peke yangu, wengine wote wanakula kwenye sinia pamoja. Nikakaa juu pale, magoti yangu usawa wa vichwa vya wanawake waliokuwa mikekani, wanawake ambao nimelala nao chumba kimoja, nimewasuka nywele, nao wakinitabasamia kwa adabu kubwa. Baadaye mchungaji akasema tuna mgeni kutoka Dallas, labda ana neno. Nilisimama. Nikasema pole. Nikasema mama alikuwa mcheshi. Walinisikiliza hadi mwisho wakajibu asante kwa pamoja, nami nikakaa.

Nilipoinuka kuondoka rafiki yangu alinisindikiza hadi kwenye gari. Alibeba sufuria yangu. Alikuwa ameiosha, inang'aa. Nikaipokea nikaifunua, mazoea tu, maana kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata kama ni vitunguu viwili, hata konzi ya chumvi, unatia. Hakukuwa na kitu ndani.

Nikamuuliza kesho mazishi ni saa ngapi, na ni makaburi gani, ili niende huko moja kwa moja.

"Ni mbali sana, upande ule mwingine wa mji," akasema. "Usisumbuke, mwalimu. Sisi tutamzika."